Mionzi titi la kushoto: moyo na mapafu yanalindwaje?

MwalimuMama_Moro

Wakuu habari za majukumu. Wataalamu na wenye uzoefu naomba mnisaidie, maana usingizi umenipaa.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, nina miaka 47. Mwaka jana niligundulika na saratani ya titi la kushoto. Nikatolewa titi lote pamoja na tezi za kwapani, na majibu ya maabara yakasema tezi tatu zilikuwa na ugonjwa. Kemo nimemaliza, ile dawa nyekundu kwanza, halafu ile inayotia ganzi kwenye vidole. Nywele zimeanza kuota, namshukuru Mungu. Sasa nimepewa rufaa kwenda Dar kupigwa mionzi kifuani na juu ya mtulinga.

Shida imeanzia hapo. Kaka yangu, mtu wa kusoma sana kwenye simu, amenitumia maandishi kwamba mionzi ya upande wa kushoto inaunguza moyo, na kwamba kuna wanawake wanaopona saratani halafu wanaondoka kwa moyo miaka kumi baadaye. Mimi mwenyewe niko kwenye vidonge vya presha, na mama yetu alikuwa hivyohivyo. Kaka anasema nisiende, titi si limeshatoka? Mume wangu anasema niende. Nimekaa katikati yao kama refa.

Daktari nilimuuliza akajibu, "Usijali mama, tunalinda moyo." Nje kulikuwa na foleni hadi mlangoni, nikashindwa kumng'ang'ania anieleze wanaulindaje. Ndilo swali langu kwenu: wanaulindaje hasa? Na pafu je? Na mimi mwenyewe kuna chochote cha kufanya zaidi ya kulala pale mezani? Msinifiche, hesabu nafundisha, namba hazinitishi.

---

FundiMionzi

Pole sana mwalimu. Mimi ni mteknolojia wa tiba ya mionzi, yaani yule anayekulaza, anakuweka sawa, anatoka nje na kuwasha mashine. Nitaandika kirefu kwa sababu umesema hesabu unafundisha.

Kaka yako hajadanganya, ila ameishia katikati ya habari. Utafiti unaonukuliwa sana ulitoka 2013, wa wanawake 2,168 wa Sweden na Denmark waliopigwa mionzi kati ya 1958 na 2001. Walikuta kwamba wastani wa dozi ya moyo ukipanda kwa grei moja (grei ndiyo kipimo chetu cha mionzi inayoingia mwilini), hatari ya matatizo makubwa ya mishipa ya moyo inapanda kwa asilimia 7.4. Na hawakuona kiwango ambacho chini yake unaweza kusema hapa ni salama kabisa. Ukisoma hadi hapo unafunga begi unarudi nyumbani.

Lakini asilimia 7.4 ya nini? Ya hatari uliyokuwa nayo tayari. Watafiti haohao walipiga hesabu ya mwanamke wa miaka 50 asiye na kihatarishi chochote cha moyo: moyo wake ukipata wastani wa grei 3, uwezekano wa kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo kabla ya miaka 80 unatoka asilimia 1.9 kwenda 2.4. Nusu ya asilimia. Wewe una presha, kwa hiyo unaanzia juu kidogo ya huyo, na nyongeza yako nayo inakuwa kubwa kidogo. Hapo ndipo unaona kwamba kile kidonge cha presha cha asubuhi ni sehemu ya kulinda moyo sawasawa na mashine yangu. Usikiruke hata kama kemo imekuchosha na vidonge.

Upande wa pili wa mzani: mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya majaribio 22 yaliyounganishwa, wanawake zaidi ya 8,000 waliotolewa titi. Kwa wale waliokutwa na tezi moja hadi tatu zenye ugonjwa kama wewe, bila mionzi kama 50 kwa kila 100 walikufa kwa saratani ya titi ndani ya miaka 20. Waliopigwa mionzi, kama 42. Ni matibabu ya zamani, kwa dawa za sasa namba zote mbili zingekuwa chini. Hata hivyo nane kwa mia na nusu kwa mia ni vitu viwili tofauti. Kuhusu "titi si limeshatoka", titi limetoka ndiyo, lakini vijichembe vinaweza kubaki kwenye ngozi ya kifua, kwenye kovu na kwenye tezi za juu ya mtulinga ambazo kisu hakikufika. Mionzi inafuata hivyo.

Sasa ulinzi wenyewe. Watu hudhani moyo unalindwa siku ya kupigwa. Kazi kubwa inafanyika siku ya kupangiwa. Utalazwa kwenye ubao wenye mteremko, mikono juu ya kichwa, upigwe picha za CT, uwekewe vidoti vya wino. Kisha daktari anakaa kwenye kompyuta anachora, picha moja baada ya nyingine: huu moyo, hili pafu, hapa panapotakiwa kutibiwa. Mwanafizikia anapanga miale. Kwa kifua hatupigi wima kutoka juu. Miale miwili inaingia kwa ubavu, mmoja kutokea katikati ya kifua na mwingine kutokea chini ya kwapa, ikipita juujuu kwenye ukuta wa kifua kama kisu kinachomenya embe. Kinachonaswa ndani ni utepe mwembamba wa pafu, na kwa upande wa kushoto ncha ya mbele ya moyo. Balaa ni kwamba kwenye hiyo ncha ya mbele ndipo unapopita mshipa mkubwa wa damu unaoulisha moyo. Ndiyo maana tunapigania milimita.

Ndani ya kichwa cha linaki (mashine ya mionzi inayotumia umeme) kuna vipande vyembamba vya chuma vinavyosogea kimoja kimoja kutengeneza umbo la mwale, na vinaweza kufunika pembe ya moyo. Njia ya pili ndiyo inayokuhusu wewe moja kwa moja: kushika pumzi. Ukivuta pumzi ndefu, pafu linajaa, kiwambo cha chini kinashuka na moyo unashuka nacho, unajitenga na ukuta wa kifua. Tunawasha mwale wakati huo tu. Mara nyingi dozi ya moyo inashuka kufikia kama nusu, na wengine hata zaidi. Unatakiwa ushike kama sekunde 20, unapumzika, unarudia. Ukiachia katikati, tunakuona kwenye kamera na tunakata, kwa hiyo usiogope kwamba utajiunguza kwa kukohoa.

Wengi wanafikiri hiyo ni ya hospitali zenye vifaa vya bei mbaya. Huko Uingereza walilinganisha kushika pumzi kwa kifaa maalumu kinachofunga hewa na kushika kwa hiari ya mgonjwa, mafundi wakiangalia alama za ngozi na taa tu. Moyo ulilindwa sawasawa, na wagonjwa waliipenda zaidi ile ya hiari. Kwa hiyo uliza, usiambiwe haiwezekani kwa sababu ya kifaa.

Kwa kuwa wewe utapigwa na juu ya mtulinga, pafu lako litaguswa zaidi ya mtu wa kifua peke yake, kwani kilele cha pafu kiko hapohapo. Wapangaji wengi wanataka sehemu ya pafu la upande huo inayopata grei 20 au zaidi isizidi asilimia 30 hivi. Hizo mbili ndizo namba za kuuliza: wastani wa dozi ya moyo, na hiyo asilimia ya pafu. Ziko kwenye mpango wako, mwanafizikia anazisoma kwenye skrini kwa dakika moja.

Jambo la mwisho ambalo hakuna anayelisema: bega. Waliotolewa tezi kwapani bega linakakamaa. Mkono usipopanda juu ya kichwa, tunashindwa kukupanga vizuri, wengine tunawarudisha nyumbani wakafanye mazoezi kwanza. Simama ukiangalia ukuta, tembeza vidole vipande juu kila siku hadi mkono unyooke. Anza leo.

---

DadaLeeds

Mwalimu pole, na hongera kwa kumaliza kemo, ile si mchezo.

Mimi ni Mtanzania niko Uingereza, nilipigwa kushoto 2022. Huku kushika pumzi kwa titi la kushoto ni kawaida, huna haja ya kuombaomba. Nikueleze kunavyokuwa, kwa sababu nilivyokuwa nafikiria kabla ya kuingia ilikuwa vibaya kuliko chenyewe.

Unalala, mikono juu umeshika vishikio, kifua wazi, chumba kina ubaridi. Mistari ya taa inapita juu ya kifua. Wanatoka wote, mlango mzito unafungwa, halafu sauti inatoka kwenye spika: vuta, toa, vuta, shika. Unasikia mlio wa mashine. Huhisi joto, huhisi chochote. Shida yangu ilikuwa pua, kila nikishika pumzi inawasha na mikono iko juu, huwezi kujikuna. Usivute kwa pupa hadi mabega yapande, watakurudisha. Vuta taratibu, kiasi kilekile kila mara. Nilikuwa nafanyia kitandani nyumbani, mikono juu, mume ananihesabia.

Vidoti vya wino: ngozi yangu nyeusi tii, siku ya pili mafundi wanavitafuta kwa tochi. Mmoja akabana jicho kwenye chunusi akidhani ndiyo alama! Nikawaambia wachore msalaba kwa kalamu pembeni ya kila kidoti, wakabandika na plasta ya uwazi juu. Mwambie fundi wako mapema.

Mimi walinipiga mara tano tu, ila yangu haikuwa imefika kwenye tezi.

---

FundiMionzi

Asante dada. Hilo la vidoti ni kweli kabisa, na huku kwetu karibu wote ni ngozi nyeusi, kwa hiyo kalamu ndiyo mwendo. Mwalimu, usioge kwa kusugua juu ya alama.

Idadi ya siku: kwa mwenye ugonjwa kwenye tezi, sehemu nyingi sasa ni mara 15 kwa wiki tatu, nyingine bado 25. Usiombe kupunguziwa kwa sababu umesikia mwingine kapigwa tano.

---

Mti_na_Dawa

Mnamtisha dada wa watu kwa mahesabu ya wazungu. Achemshe majani ya mstafeli kutwa mara mbili, aongeze habbat sauda. Moyo utakuwa chuma. Mionzi ni biashara.

---

FundiMionzi

Mkuu, hakuna utafiti kwa binadamu ulioonyesha mstafeli unaulinda moyo dhidi ya mionzi. Na huyu anatumia vidonge vya presha, majani hayo yanaweza kuishusha presha juu ya vidonge akadondoka bafuni. Mwalimu, chochote cha kuchemsha au cha kopo unachotumia, kitaje kwa daktari kabla ya kuanza. Habbat sauda kwenye chai mradi uitaje, sina ugomvi nayo.

Kama kuna kitu cha nyumbani kinachosaidia moyo na mapafu kwa ushahidi, ni kuacha sigara. Hesabu ya 2017 kwa mionzi ya kisasa ilisema hatari ya kupata saratani ya pafu kutokana na mionzi ni kama asilimia 4 kwa mwanamke anayeendelea kuvuta sigara, na karibu asilimia 0.3 kwa asiyevuta. Hujasema unavuta, nawaandikia wanaosoma kimya kimya.

---

BiMwana_Tanga

Wanangu hamjambo. Moyo mmeshausemea, mie niseme la pafu maana lilinipata.

Nilipigwa mionzi kushoto, nikamaliza salama, ngozi ikapona nikasahau. Kama miezi mitatu baadaye kikaja kikohozi kikavu. Hakina makohozi, kinabana ukicheka, ukipanda ngazi pumzi inakatika. Na homa kidogo za jioni. Nikaenda kituo cha karibu, wakanipa antibayotiki, haikusikia. Nikapewa nyingine. Picha ya kifua ikaonyesha doa juu kushoto, makohozi hayakuonyesha kitu, lakini nikaanzishiwa dawa za kifua kikuu. Mkojo ukawa wa rangi ya chungwa, kikohozi palepale. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nimewahi kupigwa mionzi, na mie sikujua kwamba lina maana.

Mjukuu wangu anasoma udaktari, akaishika ile picha dirishani akaniambia, "Bibi, ugonjwa gani unachora mstari ulionyooka?" Kweli, lile doa lilikuwa na ukingo kama limekatwa kwa rula, pale pale mwale ulipopita. Tukarudi kwa daktari wangu wa saratani Dar, akasema ni pafu limevimba kwa mionzi, akanipa predinisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, na ndani ya siku chache nikaweza kulala chali. Alinionya nisizikate ghafla, zilipunguzwa kidogo kidogo.

Basi mwanangu, ukishamaliza ukapata kikohozi, neno la kwanza mlangoni kwa daktari yeyote liwe: nilipigwa mionzi kifuani, tarehe fulani, upande fulani. Omba na ile karatasi ya muhtasari wa matibabu, uiweke pamoja na cheti cha kliniki.

---

FundiMionzi

Shikamoo bibi. Mtu angelitakiwa abandike hili ukutani.

Niongeze tu: kuvimba huko kwa pafu (si saratani) kunatokea kwa wachache, kwa kawaida kati ya mwezi wa kwanza na wa sita baada ya mionzi, na waliopigwa juu ya mtulinga wanakupata zaidi. Kwa nchi zetu TB bado ipimwe, tena kabla ya predinisoloni, kwa sababu predinisoloni ikikutana na TB ya kweli inaipa nafasi. Kinachotakiwa ni daktari awe na majibu yote mawili kichwani.

Mwalimu, kabla sijasahau: ile dawa nyekundu nayo ina historia na moyo. Ulipigwa eko ya moyo (kipimo cha ultrasound cha moyo) kabla ya kemo? Kama ndiyo, nenda na karatasi. Kama hapana, au kama ni ya zamani, omba nyingine. Na kama majibu yako yalisema HER2 chanya (saratani yenye protini ya HER2 kwa wingi) na unachomwa ile sindano yake, waeleze, kwa sababu nayo inaugusa moyo na eko inatakiwa irudiwe.

---

MwalimuMama_Moro

Shikamoo bibi, na asanteni wote. Nimemsomea kaka jibu la FundiMionzi kwa sauti. Kanyamaza, halafu akaniuliza nauli ya Dar ni shilingi ngapi.

Nimeshafika na nimezungumza nao. HER2 ni hasi. Eko nimerudia, moyo unasukuma vizuri. Niliuliza kuhusu kushika pumzi, binti wa mapokezi akanitazama, lakini fundi alipokuja akafurahi, akasema kwenye linaki wanafanya, akanijaribu palepale kwenye kiti. Nimeimba kwaya tangu sekondari, sekunde 20 nilizipita nikiwa bado namtazama usoni. Mkono pia unapanda, ukuta umenisaidia.

Tatizo jipya: linaki ina foleni. Wamesema nisubiri kama wiki nne, au kama nataka nianze Jumatatu kwenye mashine ya kobalti. Wengine kwenye benchi wanasema kobalti ni ya kizamani, inaunguza. Kemo ya mwisho ilikuwa wiki tatu zilizopita. Nifanyeje?

---

FundiMionzi

Kobalti ni ya zamani lakini si ya kutupa. Majaribio mengi yaliyonipa ile hesabu ya nane kwa mia yalifanywa enzi za kobalti. Hata Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, ilianza kutumia linaki 2018 tu, kabla ya hapo wanawake walitibiwa kwa kobalti na wapo wanapika chapati hadi leo. Mtu ambaye hana njia nyingine, apigwe kobalti.

Kwako wewe lakini kuna tofauti ya kweli. Ukingo wa mwale wa kobalti hauko mkali, unasambaa kidogo, kwa hiyo moyo na pafu vinapata mabaki zaidi. Kuufunika moyo inabidi kuweka kipande cha madini ya risasi njiani, na kipande hicho kikizidi kinafunika na sehemu ya kifua inayotakiwa kutibiwa. Halafu kobalti inachakaa: kila miaka mitano na ushee nguvu inabaki nusu, na chanzo (kile kipande cha kobalti kinachotoa mionzi) kikiwa kizee kila mwale unachukua muda mrefu. Kushika pumzi kwa muda huo ni shida, hata kwa mwanakwaya.

Kwa mtu wa kushoto, mwenye presha, aliyepita kwenye dawa nyekundu, na kemo iliyoisha wiki tatu tu zilizopita, mimi ningemuuliza daktari hivi: "Wiki nne zinaniharibia kitu?" Akisema hapana, subiri linaki, lakini uandikiwe tarehe kwenye kadi, usiondoke na neno "tutakupigia". Akisema usisubiri, au ile tarehe ikianza kusogezwa mbele, ingia kobalti na uulize vitu viwili: kama utapangiwa kwa picha za CT, na chanzo chao kilibadilishwa lini.

Nenda asubuhi sana, kabla ya kliniki kujaa. Mwanafizikia mara nyingi anakuwa peke yake saa moja na nusu akiipima mashine, na mlango wake huwa hauna foleni.